Nalala garini na kazi ni ya usiku: niegeshe wapi kwa muda mrefu?

SWALI

Wapendwa washauri, salaam.

Mimi ni Mtanzania mwenye kadi ya kijani, naishi kusini mwa Seattle, upande wa Kent. Nahudumia wazee kwenye kituo cha uuguzi, zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, siku tano kwa wiki. Tangu mkataba wa nyumba ulipokwisha mwezi wa tano, nalala kwenye gari langu, Ford Transit ya 2016 yenye paa refu, ya petroli. Ndani nimeweka kitanda, betri ya lithiamu ya Ah (ampea-saa) 100 na hita ndogo ya gesi ya kupikia. Nataka kuendelea hivi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, nimalize deni la chuo.

Shida yangu ni mahali pa kuegesha. Nahama mtaa hadi mtaa. Mwezi uliopita nilikuta karatasi ya onyo kwenye kioo kwamba gari litavutwa, na wiki mbili zilizopita mtu alinigongea dirisha saa sita mchana nikiwa usingizini. Kambi moja ya magari ya kuishi imenitajia dola 980 kwa mwezi. Yadi moja ya kuhifadhia magari ni dola 160, na kijana wa mapokezi akaninong'oneza kwamba nikilala kimya hakuna atakayejua. Uwezo wangu ni dola 300 kwa mwezi, kila kitu ndani yake. Tena mwezi wa kumi na mbili nakwenda Tanga kumwona mama kwa wiki tano. Gari nitaliacha wapi?

Msomaji wa Kent

JIBU

Ndugu yetu wa Kent, salaam nyingi, na pole kwa usingizi uliokatizwa.

Tuanze na ile yadi ya dola 160. Kama mahali pa kulala, iache. Mikataba ya yadi hizi huwa na kifungu kinachokataza mtu kulala ndani ya gari, na kauli ya kijana wa mapokezi haifuti kifungu ulichokitia saini. Siku meneja akigundua, namba yako ya geti inaweza kufungwa ukiwa kazini, na kila ulicho nacho kiko ndani ya ule uzio. Huna pa kulalamika, kwa sababu aliyevunja mkataba ni wewe. Yadi hiyo ina kazi yake moja nzuri, nayo ni safari ya Tanga. Tutaifikia.

Jambo la pili, hujaona kwamba zamu yako ya usiku ni mali. Wengi wanaoishi garini hutafuta pa kulala saa zile ambazo sheria na majirani wako macho zaidi. Seattle, kwa mfano, inakataza magari yenye upana wa zaidi ya inchi 80 kuegeshwa mitaani usiku wa manane nje ya maeneo ya viwanda, na Transit yako ina inchi 81 hivi bila kuhesabu vioo vya pembeni. Wewe saa hizo gari liko kwenye maegesho ya kazini, kihalali, kama la mfanyakazi mwingine yeyote. Unachotafuta ni mahali pa kulala kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, pamoja na usiku mbili za mapumziko kila wiki. Ombi la namna hiyo ni jepesi kukubaliwa kuliko la mtu anayetaka kuhamia uani kwa mtu saa 24.

Kuhusu mitaa: kanuni ya Seattle ni saa 72 kwenye eneo moja la mtaa, na kusogeza gari hatua kumi hakukuokoi. Kent, Renton, Tukwila na Auburn kila mmoja una kanuni zake, kwa hiyo usichukue ya mji mmoja ukaitumia mwingine. Huenda umesikia kwamba gari unaloishi ni "nyumba" na haliwezi kuguswa. Maneno hayo yanatokana na kesi ya Seattle dhidi ya Steven Long. Mwaka 2016 gari la Long, alimokuwa akilala, lilivutwa kwa kuzidisha saa 72, akadaiwa zaidi ya dola 500. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba gari mtu analoishi linalindwa na sheria ya makazi lisiuzwe kwa nguvu kulipia deni, na kwamba deni lile lilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kipato chake. Ni ushindi wa maana. Lakini mahakama haikusema gari halivutwi. Brekidauni bado itakuja, na wewe bado utaamka huna pa kulala. Halafu Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, iliamua kwamba kuwaadhibu watu kwa kulala maeneo ya umma hakuvunji katazo la Katiba la adhabu za kikatili. Miji imepata nguvu zaidi. Mtaa ni wa dharura ya siku moja, usiujengee mpango wa mwaka na nusu.

Maegesho ya muda mrefu yanayodumu ni yale ambayo mwenye ardhi anajua unalala pale na amekubali kwa maandishi. Tafuta hayo, na kwa dola 300 yanapatikana.

Mahali pa kwanza pa kubisha hodi ni kanisani au msikitini kwako. Mwaka 2020 jimbo la Washington lilipitisha sheria inayolinda taasisi za dini zinazowapokea watu wanaoishi kwenye magari. Mji hauwezi kuibana taasisi hadi chini ya nafasi moja kwa kila nafasi kumi za maegesho yake. Kanisa lenye nafasi 40 linaweza kupokea magari manne. Sharti kubwa ni kwamba wakaaji wapate choo. Mji unaweza kudai hati ya makubaliano, na mara nyingi taasisi hutakiwa kuitisha mkutano wa wazi na majirani kabla ya kuanza. Wazee wengi wa kanisa hawajui sheria hii ipo, wakiombwa hukataa kwa kuogopa faini. Usiende kwa mchungaji ukiwa na shida mkononi tu, nenda na nakala ya sheria. Mwambie unakuja saa mbili asubuhi na kuondoka kabla ya ibada ya jioni, Jumapili hutachukua nafasi ya muumini, na utachangia kiasi fulani kwa mwezi. Makanisa yetu mengi katika eneo hilo hupanga majengo ya watu, basi uliza mapema kama kiwanja ni chao. Kama si chao, idhini ya mchungaji pekee haitoshi, itakiwe pia ya mwenye jengo.

Pili ni biashara ndogo zenye yadi: gereji, mafundi wa kupaka rangi, wakata nyasi, wauza vipuri, hasa bonde la Kent na Auburn lenye maghala mengi. Hawa mchana wako kazini, kwa hiyo utasikia kelele, na uvae vizibo vya masikio. Faida ni kwamba jirani wa karibu ni ghala, si mtu anayechungulia dirishani. Kwa usiku zako mbili za mapumziko, wengine hufurahi kuwa na mtu ndani ya uzio. Hapo jilinde: usikubali kuitwa mlinzi ili upunguziwe bei. Ukishakuwa mlinzi, kikipotea kitu unaulizwa wewe.

Tatu ni uani kwa mtu binafsi. Tangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wa huko, lakini usiandike "natafuta parking". Andika urefu wa gari (pima kwa futi, usikisie), kwamba halivuji oili, lina bima na stika hai ya usajili, saa utakazokuwepo, na kiasi unacholipa. Tunapendekeza uanze na dola 180, uwe tayari kufika 220. Nyumba za kulea wazee zinazoendeshwa na ndugu zetu ziruke, hata kama uwanja ni mpana na mwenyewe ni rafiki. Ziko chini ya leseni ya jimbo, na mtu anayelala pale huzusha maswali ya uchunguzi wa historia yake. Utamtia mwenzako matatani.

Nyumba za watu zina mtego mmoja. Kuhifadhi gari uani na kulala ndani ya gari uani ni mambo mawili mbele ya idara ya mipango miji, na miji mingi huruhusu la kwanza huku ikizuia la pili au kuliwekea kikomo cha siku. Mwenye nyumba apige simu aulize yote mawili kabla hujalipa. Barua ya faini itakuja kwa jina lake, na urafiki mwingi hufia hapo. Aulize pia kama nyumba iko chini ya chama cha wamiliki, maana vyama hivyo mara nyingi hukataza hata gari refu kuonekana mbele ya nyumba.

Kabla ya kwenda kuangalia yadi, fanya jaribio la boksi: tandaza katoni chini ya injini na giaboksi usiku mzima wa kazi. Ikitoka kavu, piga picha, mwonyeshe mwenye yadi. Ikiwa na doa, tengeneza kwanza. Tone moja la oili kwenye zege ya mtu ndilo hugeuza "karibu" kuwa "ondoka".

Mkataba uwe ukurasa mmoja. Uandike majina, anwani, namba ya gari, kwamba umeruhusiwa kuegesha *na kulala* (bila neno hilo la pili karatasi haina kazi), saa za kuingia na kutoka, choo kipi utatumia, kodi na tarehe yake, umeme unalipwaje, amana ni kiasi gani na inarudi lini, na notisi ya siku 30 kwa kila upande. Ongeza sentensi kwamba humwagi maji machafu wala taka ardhini. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu. Nakala moja iwe garini mahali unapoifikia ukiwa kitandani, ili polisi akigonga umpe karatasi badala ya maelezo.

Katika mazungumzo pigania umeme kuliko kupunguziwa dola 20, na sababu ni hita yako. Kila kilo moja ya gesi ya LPG inayoungua hutoa maji takriban lita 1.6 kama mvuke. Kwenye gari lililofungwa madirisha, mvuke huo hugeuka matone kwenye bati nyuma ya mbao na kuleta kutu na ukungu. Hita isiyo na bomba la kutoa moshi nje inaweza pia kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo hukumaliza usingizini. Kama huna kitambuzi cha gesi hiyo, nunua leo kabla ya jambo jingine lolote katika barua hii, ukifunge karibu na usawa wa kichwa ukiwa umelala. Wala usilale na injini ikinguruma ili upate joto.

Ukiwa na soketi ya kawaida ya volti 120, hita ya umeme ya wati 750 inatosha gari kama lako likiwa limewekewa sponji ukutani. Betri yako ingeiendesha saa moja na nusu tu, ndiyo maana umeme wa mwenye yadi ni lazima. Hesabu: wati 750 kwa saa 7 ni uniti 5.25 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 158 hivi, na kwa senti 15 kwa uniti ni karibu dola 24. Mpe 30, asiwe na la kunung'unika. Soketi ya ampea 15 isibebeshwe zaidi ya ampea 12 kwa saa nyingi. Hita yako inavuta kama 6, kwa hiyo kuna nafasi ya kuchaji betri, ila si ya kuongeza birika. Waya wa kurefusha uwe wa geji 12, wa matumizi ya nje, usiozidi futi 50. Zile nyaya nyembamba za geji 16 hupata joto, hasa zikiachwa zimeviringwa, na plagi huyeyuka. Soketi ya nje iwe na kinga ya kukata umeme kwenye maji; mvua za huko hazibishi hodi.

Jumla: yadi 200, umeme 30, uanachama wa jimu kwa ajili ya kuoga 25 hadi 30. Hiyo ni 260 hivi, na 40 inabaki kwa siku yadi ikikataa. Hakikisha pia yadi iko ndani ya dakika 15 za kuendesha kutoka kazini. Kuokoa dola 50 kwa kuendesha dakika 45 baada ya kukesha ni hatari kwako na kwa watoto wanaoelekea shule saa hizo.

Siku yadi ikikataa una njia tatu. Kadi ya mwaka ya mbuga za jimbo, Discover Pass, ni dola 45 tangu Oktoba 2025, na inakuruhusu kuegesha mchana mbuga kama Saltwater kule Des Moines au Dash Point kule Federal Way. Sehemu za mchana hufungwa jua linapozama, na mwezi wa kumi na mbili jua la Seattle huzama karibu saa kumi na dakika 20 jioni, basi tegesha kengele saa kumi kamili. Sehemu za mapumziko za barabara kuu zinaruhusu muda wa saa 8, na iliyo karibu nawe iko I-5 ya kuelekea kaskazini, Federal Way. Malori ni mengi, egesha upande wa magari madogo. Kwa siku za mapumziko wakati wa kiangazi, nenda Barabara ya 410 kupita Enumclaw hadi misitu ya taifa karibu na Greenwater. Ukomo wa kawaida wa kukaa huko ni siku 14, na mbao za pale zina neno la mwisho. Majira ya theluji usiende na gari zito lisilo na minyororo ya matairi. Maegesho ya vituo vya treni na basi yaache, ni ya abiria.

Utasikia pia habari za jangwa la Arizona, maeneo ya serikali karibu na Quartzsite ambako watu hukaa msimu mzima, 15 Septemba hadi 15 Aprili, kwa ada ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 180. Ni kweli yapo, na ni mazuri kwa mstaafu au mwenye kazi ya kompyuta. Kazi yako iko Kent.

Kuna jambo hukuuliza ila linakuhusu sana. Mwenye kadi ya kijani anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji kila anapohama, ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Ulihama mwezi wa tano. Kama hukuijaza, ijaze sasa, haina ada. Kisanduku cha kukodi cha barua kinafaa kupokea barua, lakini si mahali unapoishi, usikiandike kama makazi. Hii ni sababu nyingine ya kupenda yadi yenye mkataba: mwenyewe akikubali, una anwani ya kweli. Kama unakaribia kuomba uraia, muulize wakili wa uhamiaji namna ya kuandika miezi hii kabla hujajaza fomu. Kampuni ya bima nayo iambiwe gari linalala wapi, maana dai linaweza kukataliwa kwa anwani ya uongo.

Sasa safari ya Tanga. Muulize kwanza mwenye yadi yako kama gari linaweza kubaki. Akikataa, hapo ndipo yadi ya dola 160 inapofaa, kwa sababu hutalala ndani. Wiki tano ni miezi miwili ya malipo kama hawagawi mwezi. Weka malipo yajikate yenyewe, kwa sababu mteja asiyelipa anaweza kufungiwa geti, na deni likikua mali yake huuzwa. Stika ya usajili isiishe ukiwa safarini. Bima usiikate: omba ipunguzwe ibaki ya wizi, moto na uharibifu, na irudishwe kamili kabla hujageuza ufunguo.

Betri ya injini ndiyo huwaangusha wengi. Gari likiwa limezimwa bado linakula umeme kidogo. Miliampea 50 ni Ah 1.2 kwa siku, kwa siku 35 ni Ah 42, zaidi ya nusu ya betri ya Ah 70, na kwenye baridi haitawasha. Kwenye Transit betri iko chini ya kiti cha dereva. Chomoa waya wa hasi kwa spana namba 10, uufunge kitambaa usiguse. Kumbuka kwamba baada ya hapo kufuli za rimoti hazitafanya kazi, utafunga mlango kwa ufunguo wenyewe. Betri ya lithiamu iache kati ya asilimia 50 na 60, izimwe kabisa, na kama una sola iikatie pia, kwa sababu lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi huharibika isirudi.

Funga mtungi wa gesi kwenye valvu yake. Maji yote mwaga, na bomba acha wazi, yasigande yakapasua pampu. Jaza tangi la petroli, matairi yafike upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Handbreki usiivute kwa wiki tano za unyevu, pedi hushika kwenye diski. Weka gia ya P na kabari mbili kwenye gurudumu moja la nyuma, moja mbele na moja nyuma yake. Toa chakula chote, hata pakiti ya mchele iliyofungwa, panya wataifuata na kumalizia kwenye nyaya. Weka vikopo viwili vya chumvi ya kunyonya unyevu juu ya beseni, na godoro lisimamishe wima. Hati zako, mkataba na kadi ya kijani visibaki garini.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi piga simu kwenye yadi, usisubiri wiki ya safari. Watu wengi huleta magari yao ya kuishi kuyahifadhi wakati wa baridi, na nafasi za urefu wako hujaa.